Vitu Vilivyofungwa na Mungu

Tulimuzika yaya yangu Noela, dada yangu mukubwa, mwezi jana, na kabla udongo haujakauka wanawake wa matanga walikuwa wameshaanza kazi yao. Walikaa kwenye mikeka uani kwangu, hapa Mudzipela, mutaa wa Bunia, wakachagua muchele, wakaimba nyimbo za kanisa, na kati ya wimbo na wimbo wakaulizana kwa sauti ya chini. Nani alimupikia mara ya mwisho? Siku ya Mungu alikula kwa nani? Yule jirani waliyegombana naye juu ya mupaka wa shamba, alipokuja kumusalimia, mukononi alibeba nini? Kwetu mutu hafi bure. Mutu akifa, kuna mutu nyuma. Nilipita kati yao na sinia ya chai nikijifanya sisikii, lakini masikio yangu si ya mapambo. Mumoja wao, mwanamuke ambaye simuamini hata akiwa anasali, alipokea kikombe, akanitazama, akangoja. Nilijua anangoja nini. Nikakichukua, nikakunywa kidogo mbele yake, nikamurudishia, ndipo naye akakunywa. Mutu wa mbali atasema hilo ni tusi. Hapa ni adabu. Mwenye kukupa chakula anaonja kwanza, mwenye kukupa kinywaji anakifungua mbele ya macho yako, na asiyefanya hivyo ama hakulelewa, ama ana jambo lake.

Walitaka nami niseme ninamushuku nani. Sikusema. Ninamujua aliyemuua yaya yangu, lakini si mutu wa kupelekwa mbele ya shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa. Ni mwaka. Mwaka mumoja wa usichana wangu, tulioulala karibu wote ndani ya chumba kimoja cha hospitali, yeye kitandani na mimi chini kwenye mukeka. Nimezeeka nao mwaka huo, na mpaka leo nikiona mutu amevaa yunifomu mbele ya mulango wowote, hata wa benki, ninaangalia kwanza mikono yake imeshika nini.

Nilikuwa nimebakiza darasa la mwisho la sekondari. Yaya alifanya biashara ya maharage na samaki wakavu: anapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Iga Barrière, ananunua kwa wanaotoka vijijini, anarudi kuuza Bunia. Siku moja ya mvua moto iliteleza, ikamuangukia, na paja lake likavunjika. Walimuleta katika hospitali ambayo jina lake nitaliacha. Waliokuwa pale wanaijua, na wasiokuwa pale halitawasaidia kitu. Mji ulikuwa umejaa. Watu wa Fataki waliokimbia vita walikuwa wanaingia na magodoro kichwani, na katika chumba cha wanawake vitanda viligusana. Walimulaza pembeni, karibu na dirisha, wakafunga muguu kwa kamba iliyopita juu ya chuma, na kwenye ncha ya kamba wakaning'iniza mufuko wa muchanga ili uvute mufupa mpaka ukae pahali pake. Daktari alinipeleka kando akaniambia bila kuzunguka: mufupa wa paja hauna haraka, yaya yako atalala hivi hivi miezi, asishuke, na mufuko huu usiguswe. Halafu akasema neno lililonifanya niache masomo. Ale, alisema. Ale vizuri kila siku, maana mufupa haujengwi na maneno. Asipokula hautashika, na vidonda vya mugongo vitamumaliza kabla muguu haujapona. Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu mwaka ule wote: kumulisha yaya.

Hospitali zetu hazipiki. Kila mugonjwa ana mutu wake wa kumupikia, kumufulia na kumugeuza, na siye tuliitwa bagademaladi. Nyuma ya jengo kulikuwa na geti dogo, na nje yake banda la jiko lenye mafiga meusi, na ndani kidogo ya geti kulikuwa na robine, bomba la maji safi. Nilipenda pale kuliko ndani. Chumbani kulinuka javeli ya kuoshea sakafu na jasho na maziwa ya wanawake waliozaa. Jikoni kulinuka sombe ya majani ya muhogo na mafuta ya mawese, na habari zote za Bunia zilipita pale kabla hazijafika redioni. Mwalimu wangu wa jiko alikuwa Mama Tabita, mwanamuke munene mwenye ulimi wa pilipili, aliyemulinda binti yake Esta. Esta alikuwa amezaa kwa kupasuliwa na alilala kitanda kinachofuata cha yaya. Mama Tabita alinionyesha namna ya kufunga sufuria ya mugonjwa: kifuniko, halafu kitambaa, halafu fundo lako mwenyewe ambalo ukilikuta limebadilika utajua. Sufuria inafunguliwa mbele ya mugonjwa, mupishi anaonja, mugonjwa anakula. Hakuna macho mengine yanayoingia humo katikati.

Halafu wakaja walinzi. Sababu ilikuwepo, siwezi kusema uongo. Wanaume wenye bunduki waliingia mchana mweupe kumutafuta kijana wa machimbo ya zahabu aliyeletwa na kidonda cha risasi. Kijana alikuwa ameshapita dirishani, na wao wakaondoka na kartoni za dawa. Wiki hiyo hiyo mukubwa wa hospitali akakodi sosiete ya ulinzi, watu wenye buti na fimbo na redio za motorola zinazokoroma, na polisi wawili wakawekwa nao getini. Tukapiga makofi. Siku zilizofuata tukaanza kuona. Polisi walimuuliza kila mwenye kidonda alikipata wapi na nani alikuwa naye, basi vidonda vikaacha kuja. Havikuacha kuwepo, viliacha kuja tu. Vijana wa machimbo walijifunga vitambaa na kuozea nyumbani. Halafu geti dogo la nyuma likafungwa kwa munyororo, kwa usalama, walisema. Jiko letu likahamishiwa ng'ambo ya barabara, chini, kando ya kijito. Robine ilibaki ndani, na kufika pale ulipaswa kupanga mustari, kukaguliwa, kueleza bidoni yako ya kuchotea maji. Nani ana muda huo na maharage yako motoni? Tukachota kijitoni.

Lakini lililotuuma zaidi lilikuwa la sufuria. Amri ilisema kila chombo kinachoingia kifunguliwe getini, maana ndani ya bugali mutu anaweza kuficha kisu, na ndani ya sufuria tupu inayotoka anaweza kuficha dawa za wizi. Aliyepewa kazi hiyo aliitwa Papa Ukumu, mutu wa upande wa Mahagi, kando ya ziwa, mwenye mvi za kwanza, rozari shingoni na yunifomu iliyomupita kwa ukubwa. Swali la kwanza la wanawake halikuwa anafanya nini. Lilikuwa: mutu huyu ni wa wapi, na nani anamujua mama yake? Alifungua fundo langu, akainua kifuniko, akakoroga sombe kwa kijiti, akanirudishia kwa upole kabisa akisema pole mutoto. Upole wake ulinitia wasiwasi kuliko fimbo za wenzake.

Nilimuelezea yaya, maana sikujua kumuficha kitu. Alisukuma sahani.

"Sufuria imefunguliwa," alisema. "Siwezi kula macho ya mutu."

Nikaonja mbele yake, mara mbili, kinywa kimejaa. Akageuza uso kwa dirisha. Siku iliyofuata vilevile. Njaa ilipomushinda aliniita kwa jina langu, Mapenzi, nikasogea karibu, na kama mutu anayetaka kutoa siri ya ndoa, akaniambia niende sokoni nimuletee vitu ambavyo Mungu mwenyewe amevifunga. Sikuelewa. Akaeleza kwa uvumilivu: mayai ya kuchemsha, lakini ndani ya ganda lake, ndizi na ganda lake, karanga na ganda lake, mahindi yaliyochemshwa na majani yake, avoka nzima. Yai likitobolewa utaona tundu. Ndizi ikidungwa sindano itakuwa nyeusi pale. Na kinywaji, maji ya chupa iliyofungwa kiwandani, au sukre, zile soda za rangi, kifuniko kifunguliwe mbele yake na kilie. Kama hakikulia, nirudishe.

Basi nikawa mutu wa mayai. Wanawake wa jikoni walinicheka, wakamupa yaya jina la Mama Mayai, wakaniuliza kama ameshaanza kutaga. Nami nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa na hasira. Nilimuona anakonda. Mifupa ya mabega ilitoka, mashavu yakaingia, na daktari akanifokea mbele ya watu kana kwamba mimi ndiye ninayekula chakula chake. Nilimuogopa Papa Ukumu kidogo, ndiyo. Ni nani asiyemuogopa mutu anayekoroga sufuria za watu? Lakini nilimuogopa zaidi yaya yangu, maana kichwa chake kikishafunga mulango, hata askofu hakifungui.

Wengine nao hawakutulia. Kila mutu aliyezidiwa, wanawake walisema ni kijiti cha getini. Mugonjwa wa presha akifa, ni kijiti. Mama Tabita ndiye aliyetusimamisha, tukaenda kundi zima kwa mukubwa wa hospitali. Yeye alisema kifaransa chake, siye tukajibu kiswahili chetu, mpaka akachoka akakubali kusikia. Mama Tabita hakuomba mengi. Kama munafungua, alisema, basi muonje. Anayefungua bila kuonja ni mulozi. Mukubwa alicheka sana. Aliona ni dawa rahisi, ya kienyeji, isiyomugharimu kitu, na amri mupya ikatoka: mulinzi wa getini ataonja kila sufuria mbele ya mwenye kuileta. Tulirudi tukiimba. Papa Ukumu alitupa kijiti, akapewa kijiko cha chuma, akakifunga kwenye mukanda kwa kamba.

Nitasema ukweli, tulianza kumupenda. Alifanya ishara ya musalaba, akachovya, akakula, akatulia kidogo ili tuone hajaanguka, akafuta kijiko kwenye upindo wa suruali, akaita sufuria inayofuata. Alitupa na maoni. Nyama hii bado ngumu, mama. Weye, mutoto, punguza chumvi, mugonjwa wako atavimba. Wanawake wakaanza kushindana kupika, na aliyesifiwa getini aliingia chumbani akitembea kama bibi arusi. Wakamutania kwamba yunifomu sasa inamutosha. Ule wasiwasi uliokuwa umekaa vitandani kama mugonjwa mwengine uliondoka, watu wakala, Esta akapata maziwa mengi, mutoto wake akanenepa. Kila mutu alikula isipokuwa mumoja.

"Yaya, ameonja mbele yangu," nilimuambia. "Hakuanguka."

"Mwenye sumu anajua dawa yake."

"Papa Ukumu? Yule anafanya musalaba mbele ya bugali?"

"Ndiyo huyo. Mutu anayesalia sufuria ya wengine, mumuogope."

Siku hiyo nilikuwa nimetoka asubuhi kutafuta mayai na nilikuwa nimelowa mvua. Nikamuambia maneno mabaya: kwamba atakufa na njaa, na kwamba nitamuzika na maganda yake, na kwamba nimeacha masomo kwa ajili ya mwanamuke ambaye anapenda kushuku kuliko kupona. Yaya alinifuta matone ya mvua usoni. Halafu akacheka, kicheko cha mutu asiye na nguvu, akanivuta kichwa kwenye kifua chake chenye mifupa, tukalia wote wawili mpaka Esta naye akalia bila kujua sababu. Nilimupenda sana yaya yangu. Alinishinda tu.

Kilichoanza kilianza kwa Esta. Aliamka anahara, si mavi, maji, meupe kama maji ya kuoshea muchele, na hayakukoma. Kabla ya saa sita macho yake yalikuwa yameingia ndani na vidole vimekunjamana kama vya bibi. Kitanda cha upande wake wa pili kikafuata, halafu cha ng'ambo, halafu bagademaladi wenyewe. Wauguzi walikimbia na chupa za serumu ya kutia mushipani mpaka zikaisha. Esta alikufa siku iliyofuata asubuhi, mutoto akiwa mugongoni mwa Mama Tabita. Mama Tabita hakupiga kelele. Alikaa chini, akavua kitambaa cha kichwa, akakitandaza mapajani, akakikunja, akakitandaza tena. Halafu akasema neno moja tu, na chumba chote kikalisikia: "Kijiko."

Hakuna moshi bila moto, watu walisema, na moto walishauona. Waliokula ndio walioanguka. Na walipokimbilia getini walimukuta Papa Ukumu hayuko kwenye nafasi yake. Alikuwa nyuma ya kibanda, anatapika. Mutu mwingine angeona mugonjwa. Wao waliona mulozi anayejitapisha sumu yake. Mawe yaliokotwa. Nilikuwa nimesimama dirishani, na nilimuona akiinua kijiko juu kwa mikono miwili kana kwamba kitamutetea, akisema alionja, jamani, alionja mbele yao wote. Polisi walimuvuta ndani ya jipu yao na kumupeleka kasho ya mjini, kwa usalama wake, walisema. Alikuwa bado anatapika. Wakamutupa ndani ya chumba kimoja na wezi na walevi na watu waliogombana na wake zao, wenye ndoo moja pembeni.

Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa mutoto. Jioni ile chumba kilikuwa kimya, vitanda nusu vitupu, na Mama Tabita akainua macho yake polepole, akayapitisha kitanda kwa kitanda, akayasimamisha kwa yaya. Nikafuata macho yale na nikaona alichokiona. Katika upande wetu wote wa chumba, mugonjwa mumoja tu hakuwa ameguswa. Hajahara, hajatapika, anakula yai lake. Na hakuwahi kukubali hata tonge moja la sufuria zilizopita getini, tangu mwanzo, na kila mutu alimusikia akisema kwa nini.

"Weye," Mama Tabita alisema, "ulijua namna gani?"

Yaya hakujibu haraka, na katika mji wetu kuchelewa kujibu ni jibu. Wanawake waliokuwa wamenicheka pamoja na mayai yangu wakaanza kujikumbusha. Kwamba yaya alitembea sana barabara ya Iga Barrière. Nani anajua alinunua nini kule zaidi ya samaki? Kwamba mimi niliingia na kutoka kila siku na kapu. Kwamba Papa Ukumu hakuwahi kuonja mayai yetu, aliyapitisha tu. Mutu akatumwa kwa polisi. Wanawake wale wale waliosema polisi ni wezi walituma kwa polisi.

Alikuja mumoja, mwembamba, mwenye miwani ya jua ndani ya nyumba. Alimuuliza yaya kwa nini haugui kama wengine. Yaya akamuambia kwamba hakula. Kwa nini hakula? Kwa sababu hakuamini. Kwa nini hakuamini, kama hakujua? Maswali yakazunguka hivyo, na mimi nilikuwa nimeshika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili. Alipekua godoro. Alipekua kapu langu, akapasua mayai moja moja kwa fimbo, akanusa. Halafu macho yake yakashuka kwenye mufuko unaoning'inia.

"Na humu ndani kuna nini?"

"Muchanga, shefu," nilimuambia. "Daktari alisema usiguswe. Shefu, nakuomba, unavuta mufupa."

"Sumu inafichwa pahali watu wanakatazwa kugusa," alisema, na hapo sikuweza hata kumupinga, maana ndivyo na mimi ningewaza. Nilimushika mukono. Akanisukuma, akainua mufuko, akafungua kamba, akamwaga muchanga sakafuni, akaupekua kwa buti. Muguu ulianguka. Sauti aliyoitoa yaya sijaisikia tena kwa mutu yeyote, hata kwa wanaozaa. Muguzi mumoja, mwanaume, aliyekuwa amevaa buti za mpira na kunukia javeli, aliingia mbio akamfokea yule polisi kwamba hii ni kolera, ni maji, hakuna sumu, watu wa afya wameshafika na wanamwaga dawa kwenye kijito. Polisi alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema watachunguza. Hakuna aliyechunguza. Wauguzi waliurudisha muguu na kuufunga tena, lakini mufupa uliokuwa umeanza kushika ulikuwa umepishana, na yaya alitoka hospitali na muguu mumoja mfupi. Alichechemea maisha yake yote.

Watu wa afya walituketisha chini wakatueleza, na nilielewa, maana nilikuwa nimesoma kidogo. Geti la nyuma lilipofungwa tuliacha maji ya robine tukachukua ya kijito, tukaoshea nayo sahani na mikono. Na kile kijiko, kilichopita kutoka sufuria moja hadi nyingine bila kuoshwa, kilibeba ugonjwa wa sufuria moja kikaugawia zote. Tulikuwa tumeomba wenyewe. Munyororo ulikatwa, jiko likarudi. Lakini ndani ya kasho hakuna aliyeingia kueleza. Papa Ukumu alikufa mule kabla mutu hajakumbuka kumutoa, na sahani za chakula ambazo familia za wafungwa zilipeleka kasho zilitoka zikarudi nyumbani, na hivyo kolera ikapata njia ya kufika Mudzipela, ambako haikuwa imefika. Nilipolia juu ya yule muzee, yaya aliniuliza ninamulilia nani. Ninamulilia mpaka leo. Mutu aliletwa kutulinda, tukamushuku kwa kuwa alifungua, tukamuamini kwa kuwa alionja, tukamuua kwa kuwa alionja.

Mimi nilitoka mule nikijua habari ya maji. Yaya alitoka na habari nyingine. Miaka yote iliyofuata niliona jinsi alivyoitunza. Watu wa chanjo wakipita na polisi nyuma yao, aliwafungia watoto wake ndani. Hospitali ikiwa na mulinzi getini, na sasa ipi haina, alipita ng'ambo ya barabara. Nilibishana naye kwenye arusi, kwenye ubatizo, kwenye vitanda vya uzazi vya binti zake, waliozalia sebuleni kwake kwa amri yake. Alinisikiliza kwa adabu kama mutu anayemusikiliza mutoto anayesoma shairi. Nilikuwa na sababu zote upande wangu, na yeye alikuwa na kitu kimoja tu.

Siku moja kabla hajafa pumzi ilikuwa imemuwia fupi. Kifua kilimushika tangu wiki, homa haishuki, midomo inageuka rangi, na muguzi jirani yangu aliniambia nisingoje, ni mapafu, anahitaji sindano na hewa ya chupa, na kwamba wakimupata leo atapona. Alikubali. Nafikiri alikubali kwa kuwa hakuwa na pumzi ya kukataa. Tulipanda moto, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimemuzungushia mikono, mufuko wa nguo zake begani, na nilimuambia Mungu aksanti njia nzima. Hospitali ni mupya, imepakwa rangi, nje kuna tangi la maji na sabuni. Mulinzi alikuwa kijana safi, mwenye ganti za mpira mikononi. Alimusalimia yaya kwa heshima, akasukuma geti, akatuomba tunawe. Halafu akasema, pardon mama, mufungue mufuko kidogo, ni sheria.

Nilihisi mugongo wake ukikauka kifuani kwangu.

"Turudi," alimuambia dereva.

Nilishuka. Nilishika usukani wa moto. Nilimuambia kwamba hayo ni ya zamani, kwamba ilikuwa kijito, ilikuwa kijiko kichafu, huyu kijana hataki kuonja kitu, anaangalia visu tu, yaya, nakuomba, nitakupigia magoti hapa barabarani. Na nikapiga magoti. Watu wakasimama kututazama. Alikusanya pumzi muda mrefu.

"Mapenzi. Mule ndani, nani alikataa kuamini?"

"Ni weye, yaya."

"Na nani hakuugua?"

Jibu lilikuwa lile lile, na lilikuwa kweli. Dereva alinitazama, halafu akamutazama yeye, mama mwenye mvi anayechechemea, na nani angemukatalia? Akageuza moto. Nilipanda tena nyuma, kwa kuwa peke yake angeanguka. Kijana wa yunifomu alikuwa bado amelishika geti kwa mukono mumoja, hajaelewa kitu.

"Mama," aliita nyuma yetu, "munaenda wapi? Mulango iko wazi."